Aje kwa Miguu

Karibu na stendi ya Bariadi kuna kijana ambaye kazi yake ni kuziba bampa za magari yaliyogongwa. Hana kibanda, ana kivuli cha ukuta wa mtu na ndoo mbili, na kila Jumamosi nikishuka kwenye basi kutoka Nkololo, ninakofundisha, napita mbele yake nikiwa nimebana pumzi. Anatumia faiba, zile nyuzi nyeupe za kioo zinazouzwa kama mkeka mwepesi, ambazo ukizilowesha kwa gundi yake zinaganda na kuwa kitu kigumu kuliko ubao. Harufu ya gundi ile ni tamu na kali kwa pamoja. Inakaribiana na harufu ya rangi ya kucha, ila ni nzito zaidi na inakaa kooni. Wengine hupita wakikunja pua, basi. Mimi nikiivuta kidogo tu niko uani kwetu, nina miaka kumi na moja, vidole vimenata, baba ananikataza kushika nywele, na mama yuko kwao Zagayu akisubiri nimfikishie mumewe ujumbe wa maneno matatu.

Ulikuwa ni mwaka ule Bariadi ilipokuwa ndiyo kwanza imefanywa makao makuu ya mkoa. Watumishi wa serikali walikuwa wakihamia kutoka kila upande wa nchi, wanapanga nyumba, wanauliza maji yanapatikana wapi, na kutucheka namna tunavyosema Kiswahili kama watu wanaotafuna mhogo. Baba aliwapenda sana watumishi hao kwa sababu walikuja na matangi ya maji, na tangi likipasuka hakuna mtu mwingine Bariadi nzima aliyejua kuliziba isipokuwa yeye. Kazi hiyo aliipata Mwanza ujanani, kwenye karakana ya boti za faiba, akairudisha nyumbani pamoja na kikohozi kisichoisha na tabia ya kugonga kila kitu kwa kucha ili asikie kama kina ufa. Aligonga sahani, aligonga milango ya watu, na mimi nilipokuwa mdogo aligonga utosi wangu na kusema hili tangi halivuji. Jina lake mtaani lilikuwa Baba Minza, kwa kuwa Minza ni mimi, mtoto wake wa kwanza na, kama mambo yalivyokuja kuwa, wa pekee.

Pikipiki yetu ilikuwa kongwe kuliko baba mwenyewe. Aliwahi kuiendesha bwana shamba mmoja enzi hizo, akizunguka nayo vijijini kukagua pamba, kisha ikaachwa kwenye banda la kuku mpaka baba alipoiomba na kuifufua. Ilikuwa nyekundu, ina taa moja ya duara, na mlio wake haukufanana na wa pikipiki nyingine yoyote. Hizi za siku hizi zinalia kwa haraka haraka, ile ilikuwa inakohoa taratibu, pigo moja moja, ungeweza kuhesabu. Baba alimfuata mama Zagayu na pikipiki hiyo alipokuwa anamchumbia, na mama alinisimulia mara nyingi kwamba alikuwa akiusikia mlio ule angali shambani, kabla hata vumbi halijaonekana, na alikuwa na muda wa kutosha kunawa uso na kubadili kanga. Aliposimulia hivyo alikuwa anacheka. Nataka hilo lijulikane, kwamba mama aliwahi kuupenda mlio ule.

Nilipokuwa na miaka tisa, mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Baba alikwenda kumchukua kliniki, akampakiza nyuma, na kwenye daraja dogo la kuingilia mtaani kwetu ndama akakatiza. Baba alikwepa. Pikipiki ilipiga kingo za daraja, madigadi, lile bati la kuzuia tope juu ya tairi la mbele, ikakunjika, tangi likabonyea, kava za pembeni zikavunjika vipande vipande, na mama aliyekuwa hana pa kujishikia akarushwa mpaka kwenye mtaro. Mtoto alizaliwa siku ileile, wa kiume, hakulia. Baba mwenyewe alichubuka kiwiko tu, na nadhani hilo lilimwumiza kuliko angevunjika miguu yote miwili. Alimzika mwanawe, akaikokota pikipiki mpaka stoo, akaifunika na magunia ya pamba, na tangu siku hiyo hakulitaja lile daraja, wala mtoto, wala pikipiki. Hakusema samahani. Hakusema lolote. Alikuwa anarudi kazini, ananawa, anakula, anatazama ukuta.

Mama alivumilia mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nilikuwa nikimwona anamzungukia baba kwa maneno madogo madogo, anamwekea chai, anamwuliza kuhusu matangi, anamwachia nafasi, na baba anajibu ndiyo au hapana. Mwezi wa kwanza mwaka huo wa mambo mapya Bariadi, mama alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaniambia anakwenda kwao kupumzika, na kwamba mimi nibaki kwa ajili ya shule. Hawakugombana. Ningependa wangegombana, maana ugomvi una mwisho. Baba alimsindikiza hadi kwenye basi akiwa amembebea mzigo, na hata pale, nilipokuwa nimewashikilia wote wawili mikono, hakupata la kusema zaidi ya kumtakia safari njema.

Baada ya Pasaka, siku moja nilirudi shuleni nikakuta magunia ya pamba yametupwa uani na pikipiki imelala ubavu kwenye turubai. Baba alikuwa amepiga magoti, mikono myeusi mpaka viwiko. Aliponiona alitabasamu, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau linafananaje, akaniambia, "Tutaitengeneza iwe mpya kabisa. Halafu tutakwenda kumchukua mama yako." Akanikataza kumwambia mtu yeyote, na hasa mama mwenyewe, kwa kuwa alitaka amshtukize. Mimi niliweka begi chini nikapiga magoti kando yake. Sikuhitaji maelezo. Kitu kilichotuharibia nyumba kilikuwa kinatengenezwa, kwa hiyo nyumba nayo ingetengemaa. Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu ya mtoto wa darasa la tano, na nimekuja kugundua kwamba ndiyo yalikuwa pia mahesabu ya baba.

Injini haikumsumbua. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi na cheni, na kabla mwezi wa tano haujaisha alipiga kiki mara tatu na ule mlio ukarudi uani kwetu, pigo moja moja, mpaka majirani wakachungulia. Angeweza kuondoka siku hiyohiyo. Lakini bodi ilikuwa hakuna, na bodi ya pikipiki ya umri ule huipati dukani, kwa hiyo aliamua kuiunda yote kwa faiba kwa mkono wake. Tulichota udongo wa kichuguu, tukaupepeta, tukaukanda na samadi ya ng'ombe ili usipasuke, na baba akaufinyanga mpaka ukawa umbo la madigadi, umbo la kava, umbo la ganda la kufunika tangi lililobonyea. Kazi yangu ilikuwa kulainisha. Nilisugua udongo ule kwa chupa yenye maji hadi ukang'aa, kisha nikaupaka dawa ya kung'arisha sakafu ili faiba isigande nao. Baba akikuta shimo dogo kama punje ya mtama alibomoa, tukaanza upya. Nilikuwa naona ni ufundi. Leo nadhani alikuwa anaogopa kumaliza.

Lakini tulikuwa na furaha, na siwezi kuandika uongo hapa kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa mbaya. Tulikatakata mikeka ya faiba kwa mkasi, mikono inawasha kwa vile vinyuzi vya kioo visivyoonekana, tunajipaka mafuta ya kupikia kabla ya kazi ili visituingie. Baba alikuwa anachanganya gundi na dawa yake ya kugandisha, matone ya kuhesabu, huku ananihimiza tuwahi kabla haijashika, na tulikuwa tunapaka tabaka juu ya tabaka tukikandamiza mapovu kwa brashi. Alikuwa anaongea. Alinisimulia Mwanza, alinisimulia mama alivyokuwa msichana, alipiga mluzi. Mara moja, akiwa amenipa mgongo, alisema kwamba mdogo wangu angekuwa anatembea sasa. Niliendelea kukandamiza mapovu nisije nikaharibu. Nilikuwa nimempata baba yangu, na nilikuwa tayari kufanya lolote asiniponyoke tena.

Sehemu iliyomchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa mkia, ile bodi ya nyuma ya kiti. Pikipiki yenyewe haikuwahi kuwa na mkia wa namna ile. Baba aliubuni, na ndani yake aliweka mshikio, nondo nyembamba aliyoipinda kwa mkono na kuizungushia faiba mpaka ikawa nene na laini, inayokaa vizuri kwenye kiganja. Alinikalisha nyuma akaniambia nishike kwa nguvu zangu zote, kisha akaitikisa pikipiki huku na huku kama anayetaka kuniangusha. Sikuanguka. "Mama yako atashika hapa," alisema, na akaurudia mshikio ule kuupiga msasa ingawa ulikuwa laini tayari. Kila alichoshindwa kukisema kwa mwaka mzima alikiweka pale.

Likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa Zagayu. Kwa bibi mzaa mama kulikuwa na pamba imejaa chumba kizima, ng'ombe wachache, na mama akiwa amenenepa kidogo na anazungumza kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu aliyetoka kuugua. Alinikumbatia, na kabla hajaniachia nikasikia ananinusa kichwani. Aliijua harufu ile, alikuwa ameolewa nayo. Akaniuliza baba anatengeneza nini. Nikasema matangi. Akauliza, matangi tu? Nikasema matangi tu. Alinipeleka nyuma ya nyumba akakata kwa wembe donge la gundi lililogandia kwenye nywele zangu, polepole, asinikwaruze, kisha akauchukua mkono wangu kuangalia kucha. Kwenye kucha ya kidole gumba kulikuwa na rangi nyekundu, kwa kuwa wiki hiyo tulikuwa tumejaribu rangi kwenye kava. Hakuna mtu anayepaka tangi la maji rangi nyekundu. Mama aliitazama kucha ile kwa muda mrefu na hakuuliza tena.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Tulikaa juu ya mzigo wangu kusubiri gari, na aliponisemesha alisema kwa Kisukuma, kama tulivyozoea nyumbani, nami nayaandika kwa Kiswahili. Alisema, "Mwambie baba yako sijamchukia. Siku akija kunichukua, aje kwa miguu." Niliuliza kwa nini, na Zagayu ni mbali. Akasema yeye mwenyewe ataelewa. Akanirudishia maneno hayo mara mbili kama mwalimu, aje kwa miguu, aje kwa miguu, mpaka aliporidhika kwamba nimeyashika. Niliyashika kweli. Mpaka leo nayasikia kwa sauti yake, na vumbi la barabara ile kwenye meno.

Nilimkuta baba uani amesimama kando ya pikipiki, na kava zote mbili zimefungwa, nyekundu mpya, zinarudisha jua machoni. Alijipangusa mikono haraka. Akauliza kama mama hajambo, nikasema hajambo. Akauliza, akijifanya anatafuta spana, kama mama alimwulizia. Nikasema ndiyo, alimwulizia. Alisubiri. Alikuwa anajua kwamba mama hanirudishi mikono mitupu. Na mimi nilikuwa nayo midomoni yale maneno matatu, na nilitazama zile kava, nikatazama mkia na mshikio wake, nikamwona baba akilini mwangu, nikishayasema, anachukua turubai na kuifunika pikipiki, anaingia ndani, anakaa, anatazama ukuta. Nikafikiri pia, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi, kwamba kama ataenda kwa miguu mimi sitapakizwa. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu wawili shuleni kwamba nitapita mbele ya nyumba zao nikiwa nimekaa juu ya pikipiki nyekundu. Nikasema, "Basi, hakusema kingine." Baba aliitikia kwa kichwa akaenda kuosha brashi.

Tulichelewa miezi miwili zaidi kwa sababu ya madigadi ya mbele, na kosa lilikuwa la kwetu sisi watu wa pamba. Mikeka ya faiba iliisha, na kuagiza mingine Mwanza kulihitaji kusubiri. Baba alitazama pamba ya msimu iliyokuwa imerundikwa kwa jirani, akaichambua kwa vidole, akasema uzi ni uzi. Huku kwetu pamba tunaiamini kupita kiasi. Tunalalia pamba, tunasomesha watoto kwa pamba, tunazibia masikio na vidonda kwa pamba, kwa nini isishike gundi? Tulitandaza tabaka nne za pamba ile tukailowesha, na iliganda vizuri, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi, ikapendeza. Baada ya siku tano ikaanza kuvimba. Pamba ilikuwa na unyevu ndani yake, maana ilichumwa na umande, na rangi ikajaa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa chai. Baba aliigonga kwa kucha, akasikiliza, akaing'oa yote, tukarudi kwenye udongo. Kila wiki ya miezi ile miwili, nimekuja kuambiwa na bibi, mama alikuwa akifagia njia ya kuingilia nyumbani kwao mapema kuliko watu wengine wote, na jioni anakaa upande unaoona barabara.

Tulikwenda mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kabla ya mvua. Baba alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, na mimi nikakaa nyuma nimeshika mshikio wa mama. Sitadanganya, ilikuwa safari nzuri kuliko zote nilizowahi kusafiri. Tulipita kwa wenzangu nikapunga mkono. Watu wa kwenye mashamba waliinuka kutazama, wazee wengine waliutambua mlio wakapiga kelele za kumtaja yule bwana shamba wa zamani, na baba, ambaye si mtu wa maringo, alikuwa anapiga honi. Nilikuwa nimeuegemeza uso mgongoni mwake na nilikuwa naamini kabisa kwamba jioni ile tutakuwa watatu. Tungetoshaje watatu kwenye kiti kimoja, hata hilo nilikuwa nimelipanga. Mimi ningekaa mbele juu ya tangi.

Mama alikuwa uani anamenya karanga na bibi. Bibi ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba mama aliusikia mlio kabla ya mtu yeyote, kama zamani, tukiwa bado hatujaonekana. Safari hii hakunawa uso. Aliweka ungo chini, akasimama, akashika tumbo kwa mikono miwili, akaingia ndani na kufunga mlango. Tulipofika tulimkuta bibi peke yake. Baba alizima pikipiki, akasimama mbali kwa heshima ya mkwe, akachuchumaa. "Mwadila, mayu," alisema, na bibi akaitikia salamu bila kunyanyua uso kutoka kwenye karanga. Baba akaeleza alichokuja nacho. Bibi akaenda mlangoni, akarudi, akasema mwanangu hatoki. Baba alikaa pale pale amechuchumaa, jua likamhama kutoka bega moja hadi jingine, na mwishowe akamwambia bibi, kwa sauti ambayo ingeweza kufika ndani, "Mwambie nimeitengeneza. Imekuwa nzima." Ndani mama akajibu mwenyewe, hakusubiri bibi aupeleke ujumbe. "Mwambie nimeisikia."

Halafu aliniita mimi. Chumba kilikuwa na giza kidogo na harufu ya pamba, na mama alikuwa amekaa juu ya gunia, macho makavu. Alinivuta karibu akanishika mashavu, akaniuliza taratibu, kama anayeuliza habari za shule, "Ulimwambia nilichokutuma?"

Nilikuwa na nafasi. Kutoka pale hadi alipochuchumaa baba zilikuwa hatua chache. Ningesema hapana, mama angetoka, angemwambia mwenyewe, baba angeisukuma pikipiki ile mpaka kwenye mtaro wa kwanza na kuiacha huko, nina uhakika angeiacha, na angerudi kwa miguu siku ileile. Lakini niliona uso wa mama na nikaogopa kwamba nimefanya kosa kubwa kuliko ninavyoweza kulielewa, na mtoto akiogopa hutafuta jibu la kumtoa pale alipo. "Nilimwambia," nilisema.

Mama aliniachia mashavu. Hakunigombeza wala hakulia. Alinifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya vizuri zaidi, akasema, "Basi nendeni kabla giza halijaingia." Njia nzima ya kurudi sikushika mshikio. Nilimshika baba kiunoni, na kila alipokohoa nilisikia mbavu zake zikitetemeka mikononi mwangu.

Mama hakurudi nyumbani, na baba hakwenda tena kumwomba. Yeye alijua kwamba alimletea mkewe kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuunda na kikakataliwa. Mama alijua kwamba alimwomba mumewe jambo moja tu duniani, jambo la miguu miwili, na mume akaamua kumletea ule mlio mlangoni. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuumia, na wote wawili niliwaumiza mimi. Nilikuwa naenda Zagayu kila likizo. Nilikua, nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, na kila safari nilikuwa najiambia kwamba safari hii nitamwambia mama. Tulichuma pamba pamoja, tulilala chumba kimoja, alinifundisha kusuka, alinipa nafasi elfu moja. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo lile jibu la mtoto lilivyozidi kuwa jibu la mtu mzima, hadi ikawa siwezi tena kulitoa bila kubomoa kila kitu. Miaka miwili iliyopita aliugua kwa muda mfupi akafariki, na mimi nilifika wakati bibi anamfunga kidevu. Baba alikuja mazikoni kwa basi. Alisimama nyuma ya watu.

Bariadi imebadilika. Kuna lami, kuna taa, kuna bodaboda kila kona, na ukiangusha pikipiki leo unaingia duka lolote unanunua bodi ya plastiki ya rangi uitakayo, unafunga kwa bisibisi, unaondoka kabla chai haijapoa. Nawaonea wivu vijana hawa. Hawahitaji miezi mitano kutengeneza kilichovunjika, kwa hiyo hawana muda wa kujidanganya kwamba wametengeneza na kingine. Baba amezeeka, kikohozi kimemshinda, na matangi siku hizi yakipasuka watu wanayatupa. Pikipiki iko pale pale uani chini ya bati. Chuma chote kimeoza, spoki zimekatika, injini ina kiota cha panya, lakini bodi yetu haina hata ufa. Kava zinang'aa. Mshikio umekaa kwenye mkia wake, laini, na hakuna mkono uliowahi kuushika isipokuwa wangu.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilipita kwa yule kijana wa bampa sikubana pumzi. Nilisimama nikaivuta harufu yake mpaka macho yakatoa machozi, kisha nikaenda nyumbani nikamkuta baba amekaa kwenye benchi kando ya pikipiki, amenyoosha miguu juani. Nilichuchumaa mbele yake kama yeye alivyochuchumaa siku ile, nikamwambia yote. Kucha nyekundu, barabara ya Zagayu, maneno matatu, chumba cha pamba, jibu langu. Nilisema bila kumwangalia. Nilipomaliza, aligeuza macho kwenye ukuta wa nyumba kama nilivyomjua tangu utotoni, na nikadhani ameshaondoka tena.

"Alisema hivyo?" aliuliza. "Kwa miguu?"

Nikasema ndiyo, baba.

Alinyoosha mkono akagonga kava kwa ukucha, mara moja, akasikiliza. Kisha akaitazama miguu yake ndani ya ndala, mmoja baada ya mwingine, kama anayekagua vyombo vya kazi.

"Zagayu ni siku moja tu," alisema. "Ukitoka alfajiri, jioni umefika."

Nilisubiri anitukane, au anisamehe. Aliniuliza kama nimekula.